Ubao Usio na Msumari

Mbao hazina haraka. Nimewaambia watu jambo hilo maisha yangu yote ya ufundi, Beni na Butembo, na karibu wote hunijibu vilevile: ubao ni kitu kilichokufa, na kilichokufa kinasubiri nini? Basi nawaambia, haya, upigilie misumari leo, halafu mvua ikinyesha tutaona nani amekufa na nani yuko hai.

Karakana yangu iko Beni, kwa sababu Beni ndiko mbao zinakoshukia zikitoka msituni, pande za Mabalako na mbele zaidi. Mimi hupenda libuyu, mbao nyekundu, nzito, yenye harufu ambayo hukaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa. Lakini libuyu, kama mbao zote, hunywa hewa ya mahali ilipo. Beni ni joto na unyevu. Butembo iko juu, kuna baridi, na asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni bila kubisha hodi. Ukiutoa ubao Beni na kuupigilia Butembo siku hiyohiyo, utaanza kunywa hewa mpya ukiwa umeshafungwa. Utavimba pasipo nafasi ya kuvimbia. Kwa hiyo mbao za sakafu hupelekwa kwanza katika chumba kilekile zitakamolazwa, hupangwa zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, na huachwa majuma kadhaa zizoee. Siku ya kuzipigilia unaacha pengo la upana wa kidole kando ya ukuta, unalifunika na plinti, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Mwenye nyumba akiliona lile pengo kabla ya plinti, hudhani nimemwibia mbao.

Pale Beni palikuwa na ofisa mmoja wa serikali, ametumwa kutoka Kinshasa, naye alitaka parke, sakafu ya mbao, kwa sababu mke wake alikuwa anakuja kwa ndege. Nilimwambia tusubiri. Akaniuliza kama ndege nayo itasubiri. Nikapigilia. Nilipokwenda kula, akamwita mwashi akaziba lile pengo lote kwa saruji, eti hataki panya. Mke akafika, mvua nazo zikafika. Sakafu ikainuka katikati ya sebule, watu wa mtaa wakaupa ule mlima jina la Ruwenzori, na mwisho ukaubana mlango usifunguke, ofisa na mke wake wakiwa ndani. Nilipoitwa nilikuta watu wamepanga foleni dirishani. Ofisa alikuwa amevaa koti na tai, anapokea makaratasi kupitia nondo za dirisha, anapiga muhuri, anayarudisha.

“Likambo nini oyo, fundi? Ni mambo gani haya?” aliniuliza. “Mbao yako inanifunga mu nyumba yangu mwenyewe!”

“Chef, nilisema tungoje.”

“Ngoja kwanza nimalize huyu mama,” akasema, akagonga muhuri.

Nilikata mlango kwa msumeno, nikabomoa saruji, na sakafu ikashuka polepole ikilia kama mtu anayevua viatu vinavyombana. Tangu siku hiyo niliapa: sipigilii ubao ambao haujapumzika, hata aje nani.

Aliyekuja ni mama yangu.

Mama anaishi Butembo, katika nyumba aliyoijenga baba, na kaka yangu mkubwa anakaa naye pamoja na mke wake. Kaka ni mfanyabiashara. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na sifa yake kubwa ni karo, vile vigae vinavyoingia kupitia mpaka wa Kasindi. Kontena la kwanza la karo zile nyeupe zinazong'aa lilipofika, kabla hajauza hata boksi moja, alizileta kwa Mama na kuzilaza sebuleni. Ilikuwa zawadi, na Mama alijivunia. Ungeweza kujitazama meno mle chini.

Sasa, kwetu Butembo nyumba safi ni ile ambayo maji yametoka mlangoni kama mto. Kila asubuhi shemeji yangu humwaga ndoo, husugua, humwaga tena, halafu husukumia yote nje. Asubuhi moja Mama alitoka chumbani kwake kabla maji hayajakauka, akateleza, akaanguka vibaya. Mfupa haukuvunjika. Kilichovunjika ni imani. Alirudi chumbani, ambako chini kuna saruji ya zamani isiyong'aa, akaketi kitandani, na hakutoka tena. Chakula kilimfuata, wageni walimfuata, hata padri alimfuata.

Daktari alikuja akambonyeza goti, akambonyeza nyonga, akatuita nje. Alisema maumivu yatapita, lakini mama huyu lazima ainuke na kutembea, tena upesi, kwa sababu miguu ikisahau kutembea katika umri ule haikumbuki tena.

Tuliporudi ndani kumwambia, Mama alikuwa amesikia yote.

“Nitembee juu ya ile kioo ya mukubwa yako?” aliniuliza. “Hapana. Niletee mbao, papa. Mbao inashika muguu. Juu ya mbao nitatembea.”

Huniita papa kwa sababu nina jina la baba yake. Akiniita hivyo huwa sina la kupinga.

Nikashuka Beni, nikachagua libuyu bora niliyokuwa nayo, niliyokuwa nimemwekea mtu mwingine, nikaipiga randa, nikachonga kila ubao ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, nikapandisha yote kwa Fuso. Tulitoa viti vya sebule, meza, kabati na televisheni, tukavipanga uani, na juu yake tukafunga turubai kubwa kwa sababu mvua ya Butembo haiulizi. Mbao nikazipanga sebuleni zikajaa, nikaacha kijia chembamba tu kutoka chumba cha Mama hadi mlangoni. Kaka alitazama kazi yote kwa furaha.

“Muzuri sana,” akasema. “Kesho unapigilia?”

“Hapana, yaya,” nikamjibu, maana kwetu yaya ni kaka mkubwa. “Kiisha majuma kadhaa. Mbao izoee kwanza.”

Kaka alinitazama kama mteja aliyeambiwa bei mara mbili.

“Mudogo, docteur anasema miguu ya Mama haina majuma. Weye unangojea mbao ipumuzike. Na Mama je?”

Nilimsimulia habari ya ofisa na dirisha. Akasema Mama si ofisa na hana muhuri. Nikamweleza unyevu. Akasema yeye anauza karo na hajawahi kuambiwa na karo kwamba imechoka na safari. Kutoka chumbani sauti ya Mama ikatufikia.

“Donc, basi, mbao iko mugeni, banaipatia salon nzima. Na miye banipatie nini?”

Ukweli ni kwamba kaka alikuwa na haki, nami nilikuwa na haki, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nikipigilia sasa, sakafu itainuka chini ya miguu ya mwanamke ambaye tayari ameanguka mara moja, na hapo hatainuka tena kamwe. Nikisubiri, mbao zitakuwa tayari na miguu haitakuwa tayari. Kila asubuhi nilienda kumtazama. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, na kila asubuhi niliiona kuwa myembamba zaidi.

Niliamua kubaki Butembo, si kwa ajili ya hewa yake, bali kuzilinda mbao dhidi ya ndoo. Shemeji yangu ni mwanamke mwema na hana mtu anayemchukia, lakini maji kwake ni dini. Nilimsihi asimwage. Akakubali. Kisha nikamkuta anamwaga kidogo kwenye kile kijia, eti pale hapana mbao. Basi nikawa nachukua kigoda na kuketi mlangoni tangu asubuhi, kidevu mkononi, nikitazama mbele yangu tu.

Sasa hebu jaribu kuitazama nyumba ile kwa macho ya jirani. Viti vyote vya sebule viko nje. Turubai limefungwa uani. Ndani kuna lundo la mbao mpya. Mwana aliye fundi wa mbao amepanda kutoka Beni na harudi. Mama mwenye nyumba hajaonekana kwa siku nyingi. Na huyo mwana ameketi mlangoni, ameshika tama.

Kwetu hakuna mtu anayehitaji kuambiwa zaidi.

Jirani yetu wa chini, mama mmoja anayeongoza kwaya, alikuwa anatoka shambani. Alisimama njiani. Akatazama viti, akatazama turubai, akatazama mbao nyuma yangu, akanitazama mimi. Akashusha kapu lake, akaweka mikono yote miwili kichwani, na akaachia ukelele ambao nadhani uliwafikia hata walio mbali kule Mutwanga.

Nilipoinuka kwenye kigoda, watu wa kwanza walikuwa wameshaingia uani. Watu wa Butembo wanaweza kuchelewa harusi, wanaweza kuchelewa misa, lakini kilio hawachelewi. Wanawake waliingia na kuni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Waliingia na maharagwe, na viazi, na litungulu, yaani vitunguu, sufuria kubwa ya parokia ikabebwa na wanaume wawili, na moto ukawashwa katikati ya ua kabla sijapata nafasi ya kufungua mdomo.

“Mama hakukufa!” nikapaza sauti. “Hapana, Mama hakukufa! Iko muzima!”

Mama wa kwaya alinishika mkono kwa huruma.

“Njo vile, papa. Kwetu sisi baamini, hakuna kufa.”

“Hapana! Nasema iko mu chumba!”

“Tunajua iko mu chumba. Bamama ya familia bakifika, batamunawisha.”

Wakaniletea maji yenye sukari, wakaniketisha. Kadiri nilivyokana ndivyo walivyonionea huruma. Nilisikia mtu akimwambia mwenzake kwamba afadhali anayelia, lakini huyu huzuni imemupanda ku kichwa. Na kuingia kumtazama Mama hawangeingia, kwa sababu desturi ni kwamba mgeni haingii chumba cha marehemu mpaka wanawake wa ukoo wamemaliza kazi yao. Mwanamke wa ukoo aliyekuwa karibu alikuwa shemeji yangu, naye alikuwa sokoni.

Wazee wawili walikuwa wamefika mlangoni wakachungulia mbao. Mmoja alizigonga kwa kidole.

“Libuyu,” akasema. “Mais, lakini Mama alikuwa mufupi. Hii yote ya nini?”

“Pengine batamufanyia sanduku na veranda yake,” akajibu wa pili, na wote wakatikisa kichwa kwa heshima.

Nilijipenyeza kwenye kijia mpaka chumbani. Mama alikuwa ameketi wima, kichwa kimeelekea dirishani.

“Nani amekufa?” akauliza.

“Ni weye, Mama.”

“Miye? Lini?”

“Asubuhi hii.”

Akafikiri kidogo.

“Batu iko mingi?”

“Mingi sana.”

“Ule jirani wa chini, ule wa mbuzi, iko?”

“Ni yeye ameanzisha.”

Akajirekebisha kwenye mto wake. Niliona ameridhika.

“Acha balie kidogo,” akasema.

Basi tukakaa, mimi na marehemu, tukisikiliza. Nje, mama wa kwaya alikuwa anaeleza kati ya vilio jinsi Mama alivyokuwa mpole, mtu wa subira, ambaye hakuna siku moja aliyopandisha sauti.

“Bongo. Uongo mutupu,” akasema Mama. “Juzi tu nilimutukana juu ya mbuzi yake kukula majani ya sombe yangu. Nilimutukana mpaka batu bakatoka mu manyumba.”

Kisha wanawake wakaanza kujadili nguo. Mmoja alisema Mama avalishwe kikwembe kile cha bluu chenye ndege, kwa sababu alikipenda. Mama akaacha kutabasamu.

“Ile ya ndege? Ile yenye kupasuka mugongo? Niende mbele ya Mungu na kiraka? Papa, toka ubaambie!”

“Mama, nimebaambia uko hai na hawasadiki. Kikwembe ndiyo batanisadiki?”

Akajisogeza mpaka ukingoni mwa kitanda, akashusha miguu chini, akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Lakini uani kulikuwa na kwaya sasa, na kwaya yetu huimba kwa nguvu. Hakuna aliyemsikia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na Mama akanipiga na mto.

Ndipo sauti za nje zikabadilika. Pikipiki ilikuwa imefika ikiwa haijazimwa vizuri, na watu wakawa wanasema, “Muachie njia, muachie njia.” Kuna mtu alikuwa amekimbia hadi dukani kumwambia kaka yangu. Alikuwa ameacha duka wazi na wateja ndani. Nilimwona kupitia mlango wa chumba: kiatu kimoja mguuni, cha pili sijui kilianguka wapi. Hakuja chumbani. Alifika kwenye lile lundo la mbao, akaanguka juu yake kifudifudi, mikono imekumbatia libuyu yangu.

“Ni miye!” alilia. “Ni miye nimeua Mama na ile karo! Batu bote niliuzisha, mais ya kwanza nilimupatia Mama yangu mwenyewe! Ni miye!”

Sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu akilia. Alipomzika baba alikuwa anahesabu viti vya wageni. Nilisahau kucheka. Nilimwita, “Yaya, Mama iko muzima,” na yeye bila kuinua uso akajibu, “Usinidanganye, mudogo. Usinidanganye leo.”

Nikageuka kumtazama Mama. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa.

“Huyu analia kweli,” akasema taratibu. Kisha, “Nisimamishe.”

Nilimshika kwapani. Alisimama. Alitetemeka kama mti mchanga, lakini alisimama, akapiga hatua moja juu ya saruji ya chumba chake, na nyingine, mpaka kizingitini. Pale mbele karo zilianza. Shemeji alikuwa amezipitishia maji kabla ya kwenda sokoni, mimi sijui saa ngapi, labda nilipokwenda chooni. Ziling'aa. Mama alinyoosha mguu, kidole kikagusa, akaurudisha. Akajaribu tena, akaurudisha. Mikono yake ilinifinya mpaka ikaniuma. Kaka alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, analia kwa kwikwi, wala Mama hakuweza kumfikia.

Nilitazama mbao zangu. Kila nilichojua kiliniambia niziache. Zilikuwa hazijazoea, hazina plastiki chini, hazina gongo, ile boriti ya chini ya kuzishika, na nje ukungu ulikuwa bado unaingia. Nikamwegemeza Mama kwenye fremu ya mlango, nikavuta ubao mmoja kutoka juu ya lundo, nikautupa juu ya karo. Nikavuta wa pili nikauweka kando yake.

Mama aliweka mguu. Ubao ulicheza chini yake, ukagonga karo: ko.

Alisita. Akaweka wa pili. Ko.

“Unashika,” akasema.

Nilivuta mwingine. Alipoukanyaga kaka aliinua kichwa, nadhani kuona nani anazichomoa mbao chini ya kifua chake wakati wa msiba. Akamwona Mama amesimama mbele yake, nywele zimevurugika, mkono mmoja begani kwangu. Hakupiga kelele. Alifuta pua kwa mkono wa shati akauliza, kama mtu aliyekutana naye njiani:

“Mama, unaenda wapi?”

“Naenda ku kilio,” Mama akajibu. “Simama. Unapinda mbao yangu.”

Na kaka yangu, muuza karo, akateremka kwenye lundo akapiga magoti. Akawa anaokota mbao ambazo Mama ameshazipita, ananipa, nami naziweka mbele. Alikuwa bado analia, na pua inamtiririka. Ko, ko, ko, tukavuka sebule nzima namna hiyo, hatua moja moja, hadi barazani.

Aliyemwona kwanza ni mmoja wa wale wazee wa libuyu. Alivua kofia. Kisha kwaya ikakatika katikati ya neno, na ua mzima ukalipuka. Viti vilipinduka. Katekista mzee wa parokia aliruka ua wa miti ambao siku za kawaida huuzunguka akitembelea fimbo. Mama wa kwaya alirudi kinyumenyume mpaka akaketi ndani ya beseni la maharagwe yaliyolowekwa, akabaki humo, mdomo wazi. Waliokuwa wanapika hawakukimbia, kwa sababu sufuria ilikuwa motoni na haingeweza kuachwa hivihivi.

Mama aliketi kwenye kiti chake mwenyewe cha sebule, kilichokuwa kimekaa pale chini ya turubai kama kinamngoja. Akahema kwa muda. Kisha akamgeukia mama wa kwaya.

“Endelea,” akamwambia. “Ulifika kwenye nilikuwa mupole.”

Siku ile hakuna aliyerudi nyumbani mapema. Kuni na maharagwe ya kilio kwetu hayarudishwi; ukiyarudisha umebeba kifo kukipeleka kwako. Ilibidi vyote vipikwe na kuliwa. Hata katekista alirudi, kwa njia ya mlangoni. Kwaya haikujua iimbe nini, mwishowe ikaimba za harusi. Mama alikula vizuri, akamwambia mama wa kwaya kwamba habari ya mbuzi bado haijaisha, na kuhusu kikwembe cha ndege akatoa maagizo mbele ya wote ili siku yenyewe ikifika pasiwe na mabishano. Kaka alikaa karibu na kiti chake mchana kutwa. Mara kwa mara alimshika kifundo cha mguu kana kwamba anapima bomba.

Toka hapo sikubishana tena juu ya majuma. Kila asubuhi mimi au kaka tulilaza mbao juu ya karo, zikiwa huru, na Mama akatembea juu yake mpaka barazani na kurudi. Kisha tulizirudisha kwenye lundo na vijiti vyake. Mbao zilizoea nyumba, na miguu ilizoea mbao, na siwezi kusema ipi iliisubiri nyingine. Majirani walipita kuchungulia, wengine kwa furaha, wengine kwa kutaka kuhakikisha. Sauti ya ko, ko, ko ilikuwa inasikika mpaka njiani, na mama wa kwaya akiisikia alisema, “Wavukire, Mama,” salamu yetu ya asubuhi, bila hata kuingia.

Muda ulipotimia nilifanya kazi yangu kama inavyopaswa. Plastiki juu ya karo, magongo juu yake, kila ulimi ndani ya mfereji wake, misumari imefichwa ubavuni, pengo la kidole kuzunguka kuta zote. Kaka aliliona lile pengo, akafungua mdomo, akaufunga. Shemeji tulimnyang'anya ndoo na kumpa kitambaa kilichokamuliwa. Aliteseka, maskini. Sasa husugua baraza mara mbili.

Ilikuwa sakafu bora niliyowahi kulaza. Nilipita juu yake na viatu vizito, nikarukaruka, haikutoa hata mguno. Nikamwita Mama. Alitoka chumbani akatembea mpaka katikati, akasimama, akatazama chini.

“Iko wapi sauti?” akauliza.

“Kazi muzuri haina sauti, Mama.”

“Donc nitajua namna gani kama ninatembea?”

Nilimweleza. Nilimweleza kwamba sauti ni kasoro, kwamba ubao unaolia ni aibu ya fundi, kwamba watu watakuja kuona kazi hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha kwa kidole cha mguu ubao wa kwanza, ule unaopakana na kizingiti chake.

“Hii moja, papa. Iachie.”

Nikapiga magoti, nikang'oa misumari yangu mwenyewe.

Sasa watu huja kweli kuiona ile sakafu, na wote hukanyaga pale. Mafundi wenzangu wa Beni hutabasamu. Mganga hajigangi, husema. Fundi mkubwa, kwa mama yake ubao unacheza. Kaka huwaleta hata wateja wake wa karo na kuwaonyesha kwa fahari. Mimi husema ndiyo, nitaurekebisha, na siurekebishi.

Nikipanda Butembo hulala pale sebuleni, juu ya godoro. Huamka kabla ya Mama. Ukungu upo dirishani, nyumba imetulia, na sakafu, kwa kuwa niliilaza vizuri, haisemi kitu. Nalala macho wazi nikiutazama mlango wake. Siku nyingine anachelewa. Siku nyingine anachelewa sana, na mimi siwezi kuinuka, wala kuita, nasikiliza tu.

Ko.

Hapo navuta blanketi, nageukia ukutani, na kulala tena kidogo.